Fomu Isiyomjua Mpiga Adeudeu

Wanafunzi wangu wapendwa,

Wiki iliyopita, tulipokuwa tukipitia msamiati wa uchumi na utawala, mmoja wenu alitakiwa kueleza maana ya neno "ruzuku". Alijibu bila kusita: "Mwalimu, ni fedha za wafadhili." Ningeweza kulitia jibu hilo alama ya vema na kuendelea na somo. Nilinyamaza kwa sababu ndani ya jibu lile fupi mna mazoea marefu ya unyenyekevu ambayo naona ni wajibu wangu kuyapinga, na leo nayapinga kwa maandishi.

Neno "ruzuku" lina udugu na neno "riziki". Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na katika Kiswahili cha wazee kitenzi "kuruzuku" kina mtenda mmoja anayejulikana: Mwenyezi Mungu humruzuku mja wake. Anayeruzuku hampi mja fomu ya kurasa kumi na nne, wala hamuulizi ni matokeo gani yatakayopimika baada ya miezi kumi na minane. Serikali zetu zililiazima neno hili ili litaje fedha zitolewazo kwa shule, kwa mkulima na kwa halmashauri. Baadaye likaazimwa tena na taasisi za ufadhili, za kigeni na za hapa kwetu, ili litaje fedha wanazopewa wasanii. Katika safari hiyo ndefu neno lilibaki na sauti yake, maana ikaachwa njiani.

Neno la pili, "wakfu", limepatwa na mkasa mkubwa zaidi. Katika miji ya pwani, mtu aliyeweka shamba la minazi au nyumba kuwa wakfu alikuwa ameitoa mali ile mikononi mwake kabisa. Haikuuzwa, haikurithiwa, haikurudi. Mapato yake yaliendelea kutengeneza msikiti, kutunza kisima au kulisha wanafunzi wa chuo hata baada ya mtoaji kuzikwa, na hadi leo Zanzibar na Kenya zina kamisheni za kusimamia mali za namna hiyo. Sasa litazameni neno hilohilo likiwa limeandikwa kwa herufi za kupendeza juu ya tangazo la "ruzuku kwa wasanii chipukizi wa taaluma mbalimbali". Mtoaji wa leo mara nyingi hajaitoa mali mikononi mwake. Huiazimisha kwa miaka miwili au mitatu, kisha mkakati wake hubadilika. Mwaka huu ni sanaa, mwaka ujao ni tabianchi, mwaka wa tatu ni ujasiriamali wa kidijitali. Na msanii aliyekuwa chipukizi katika mkakati wa kwanza hukatwa kabla ya kutoa ua.

Nayasema haya nikimfikiria mtu mmoja. Anaishi Kwapa, gombolola moja ya wilaya ya Tororo, upande wa Uganda, si mbali na Malaba ambako malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka. Ni Mteso. Hupiga adeudeu, kinubi cha watu wake: kisanduku cha mbao kilichowambwa ngozi, shingo iliyopinda na nyuzi. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakuniomba nimtetee. Mimi ndiye niliyejitolea kumsaidia kujaza fomu, na aibu ya yaliyofuata ni yangu pia.

Fomu ilikuwa ya wakfu mmoja ambao nao sitautaja. Ilipatikana katika intaneti peke yake na kwa Kiingereza peke yake. Swali lililotukwamisha saa nzima lilikuwa jepesi kabisa: chagua taaluma yako. Palikuwa na visanduku vya muziki, dansi, tamthilia, fasihi, na sanaa za uchoraji na uchongaji. Kuchagua kimoja tu kuliruhusiwa, kwa maana kila kisanduku kina waamuzi wake. Yule bwana alikitazama kioo cha simu yangu kwa muda, kisha akaniuliza: "Mwalimu, nikichagua muziki, hadithi nimwachie nani?"

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko fomu nzima. Mtu huyu hukikata kinubi chake mwenyewe na kuiwamba ngozi mwenyewe, kwa hiyo ni fundi. Huimba, kwa hiyo ni mwanamuziki. Beti huzitunga papo hapo akimtaja marehemu, ukoo wake, deni aliloacha na wema aliotenda, kwa hiyo ni mshairi. Katikati ya wimbo husimama, akasimulia kisa kwa sauti za watu watatu tofauti, kwa hiyo ni mwigizaji. Wasikilizaji hawakai chini. Huinuka wakacheza, na wimbo hubadilika kwa kuwafuata. Ukimgawanya kwa visanduku vitano hupati wasanii watano. Unapata mtu mmoja aliyevunjwavunjwa. Kinachoitwa "taaluma mbalimbali" ni mgawanyo wa vyuo vya Ulaya, ambako mchoraji na mwimbaji walitenganishwa zamani na kila mmoja akapewa jengo lake. Sisemi mgawanyo huo ni mbaya kwao. Nasema umeletwa hapa kama kwamba ni sheria ya maumbile, na anayeonekana kuwa na kasoro ni yule asiyeingia ndani yake.

Swali lililofuata lilikuwa la umri. Chipukizi, kwa mujibu wa fomu, ni mtu wa kati ya miaka 18 na 35. Bwana huyu alikuwa na 37. Miaka kumi aliitumia akimbebea mjomba wake kinubi, akikaa pembeni, akijibu viitikio, bila ruhusa ya kuongoza wimbo matangani. Mjomba alipofariki ndipo watu walipoanza kumwita yeye. Kwa hesabu ya Kwapa ana miaka mitatu tu tangu achipuke. Kwa hesabu ya fomu amekwisha kunyauka. Napenda mkumbuke, kwa kuwa ninyi ni wanafunzi wa lugha, kwamba neno "chipukizi" limetoka kwenye mmea, na mmea hauchipui kwa tarehe ya cheti cha kuzaliwa. Huchipua mvua inaponyesha.

Kisha likaja swali la nchi. Nyumba yake iko Kwapa. Ukoo wa mama yake uko ng'ambo, katika kaunti ya Busia nchini Kenya. Nusu ya mialiko yake hutoka huko. Wateso hawakuuvuka mpaka huu. Mpaka ndio uliowavuka wao, pale mwaka 1902 serikali ya Uingereza ilipolihamisha jimbo la mashariki la Uganda na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Lakini fomu ilidai mradi uwe na "nchi ya utekelezaji", nayo ni moja. Tuliandika Uganda. Kwa neno hilo moja tulizifuta harusi na matanga yote ya Busia, kama kwamba kule alikuwa akienda kutembea tu.

Miezi minne baadaye jibu lilikuja, mistari miwili: maombi yalikuwa mengi, na mradi wake haukuonyesha ubunifu wa kutosha. Mtu ambaye hajawahi kuimba wimbo uleule mara mbili aliambiwa hana ubunifu. Alicheka. Mimi ndiye niliyekasirika, na naona hasira hiyo haijaisha.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nitaonyeshwa mambo mema yaliyojengwa kwa fedha za namna hiyo, nami nayakubali bila kinyongo. Kituo cha GoDown kilichoanza Nairobi mwaka 2003 kiliwapa wachoraji, wacheza dansi na wanamuziki mahali pa kufanyia kazi walipokuwa hawana. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichoanzishwa mwaka 1996, kimechapisha vitabu ambavyo pengine visingechapwa. Bayimba na 32° East, zote za Kampala, zimewalea vijana wengi. Sina ugomvi na kazi hizo. Naona tu kwamba kutoka Malaba hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na hadi Nairobi ni zaidi ya 400, na kwamba msanii wa mpakani anaziona taa za miji hiyo miwili kama mtu aliyekaa kati ya karamu mbili bila kualikwa hata moja. Hata tamasha la Jumuiya ya Afrika Mashariki, JAMAFEST, ambalo lingestahili kuwa la watu wa mipakani kuliko wote, lilianza Kigali mwaka 2013, kisha likazunguka Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Bujumbura. Miji mikuu na miji mikubwa. Jumuiya inayohubiri kuondoa mipaka haijawahi kulipeleka tamasha lake pale mpaka ulipo.

Tena kuna jambo la lugha, ambalo kwangu mimi ndilo kiini. Rudini pamoja nami hadi Juni 1962. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, walikusanyika waandishi waliokuwa chipukizi kwelikweli: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Okot p'Bitek, na mwanafunzi mmoja wa palepale aliyeitwa wakati huo James Ngugi. Mkutano ulipewa jina la waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza. Mlango ukawa lugha. Mwezi huohuo wa Juni, Tanganyika, Shaaban Robert alifariki dunia, mtu aliyekwisha kuandika mashairi, riwaya na wasifu ambavyo ninyi mnavisoma hadi leo. Hakuwa na sifa za kualikwa kwa sababu aliandika Kiswahili. Ngũgĩ mwenyewe, miaka mingi baadaye, alilieleza jambo hilo kwa uchungu, na alikuwa na haki ya kuona uchungu kwa kuwa yeye alikuwa ndani ya ukumbi.

Na nani alilipia ukumbi? Mkutano ule, pamoja na jarida la Transition ambalo Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961, na kituo cha Chemchemi kilichofunguliwa Nairobi na Ezekiel Mphahlele, vyote vilipata msaada kutoka shirika lililoitwa Congress for Cultural Freedom. Shirika hilo lilipata sehemu kubwa ya fedha zake kupitia wakfu ulioitwa Farfield. Mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba nyuma ya wakfu huo ilikuwapo CIA. Wasanii hawakujua. Neogy hakujua. Sisemi kazi zao zilikuwa za uongo. Transition lilikuwa jarida bora, na nakala zake za zamani ningali nazisoma kwa raha. Lakini mtu anayewaambia vijana wasiulize chanzo cha fedha kwa kuwa kuuliza ni utovu wa adabu, huyo hajasoma historia ya Kampala. Kumuuliza mtoaji "umezipata wapi, na unataka nini?" ni adabu ya raia. Wao wanatuuliza kurasa kumi na nne. Sisi tuwaulize ukurasa mmoja.

Wapo upande wa pili wenzangu wanaosema: basi tuzikatae zote, msanii ajitegemee. Huwa wanaitaja Kamĩrĩĩthũ, nao wana sababu ya kuitaja. Mwaka 1977, karibu na Limuru, wakulima na vibarua walijenga ukumbi wao wa wazi kwa mikono yao, wakaigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu bila kumsubiri mfadhili yeyote. Lakini wenzangu huusimulia mwanzo wa kisa wakaacha mwisho. Serikali ilifuta kibali cha mchezo Novemba mwaka uleule, Ngũgĩ akatiwa kizuizini mwezi uliofuata, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Kujitegemea kuliwakomboa na fomu, hakukuwakomboa na polisi. Na anayemwambia mpiga adeudeu ajitegemee aeleze kwanza ni nani mwingine katika gombolola ile anayeambiwa hivyo. Daktari wa zahanati haambiwi. Mimi mwalimu siambiwi.

Kutegemea wafadhili peke yao nako tumekuona mwisho wake. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Ngome Kongwe ya Zanzibar tangu mwaka 2004 na lililowaleta wanamuziki kutoka bara zima, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Lilirudi mwaka uliofuata. Chuo cha muziki cha Zanzibar, DCMA, kinachofundisha taarabu, ganuni na udi, kilifika mwaka 2019 kikitangaza kwamba kinaweza kufungwa. Kama taasisi zinazojulikana Ulaya na Marekani zinaweza kutikiswa hivyo na mabadiliko ya bajeti za mbali, mfikirieni mtu wa Kwapa ambaye hakuna ofisi hata moja inayojua kwamba yupo.

Kwa hiyo naelekeza kidole mahali ambapo mara nyingi hatukielekezi, yaani kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuiagiza serikali kuukuza kwa njia ya fasihi, sanaa na sherehe za jadi. Jedwali la Nne linaziweka shughuli za utamaduni chini ya kaunti. Basi mkazi wa Busia ana haki ya kumuuliza mwakilishi wa wadi yake: fungu la utamaduni ni kiasi gani, na mwaka jana lililipa nani? Nina shaka kwamba akipewa jibu la kweli atakuta mahema, viti, vipaza sauti na posho za wageni. Wapigaji waliowatumbuiza wageni hao atawakuta chini kabisa, wamepewa soda na nauli.

Upande wa Uganda, Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaiachia gombolola ya vijijini asilimia 65 ya mapato inayoyakusanya. Najua mapato yenyewe ni machache. Ushuru wa soko dogo haujengi jumba la sanaa. Lakini kumlipa mpigaji mmoja aje shuleni kila Ijumaa awafundishe watoto ishirini kuwamba ngozi na kufunga nyuzi, hilo si jumba la sanaa. Ni fedha ndogo kuliko gharama ya warsha moja ya "kuwajengea uwezo wasanii" katika hoteli ya Kampala. Nimehudhuria warsha mbili za namna hiyo. Chakula kilikuwa kizuri.

Kwa wakfu zenyewe nina madai, na nayaita madai kwa makusudi ingawa najua mtoaji hapendi neno hilo. Zipokee maombi kwa Kiswahili. Uganda imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika katiba tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Wakfu unaofanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania na kukataa barua ya Kiswahili umekataa lugha rasmi ya nchi zote tatu. Hoja kwamba hakuna waamuzi wa kusoma Kiswahili ilikwisha kuvunjwa na Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015 kwa miswada ya Kiswahili, ikiwa na zawadi za jumla ya dola 15,000. Waamuzi walipatikana, miswada ikasomwa, Anna Samwel Manyanza na Mohammed K. Ghassani wakashinda. Tuzo, hata hivyo, humfaa aliyekwisha kumaliza kazi na ajuaye kuandika. Kwa asiyeandika, mtoaji atume mtu akamsikilize, akae matangani usiku mmoja, arudi na ripoti yake. Mzigo wa kuandika umwangukie anayelipwa mshahara kwa kuandika. Na neno "chipukizi" lipimwe kwa miaka ya kazi, si ya kuzaliwa; na mto Malaba usihesabiwe kuwa ukuta na watu ambao hawajawahi kuuvuka.

Nitaambiwa kwamba hilo ni gharama. Naam. Kuwatuma maofisa kukagua risiti pia ni gharama, na huko hawajawahi kusita.

Mwezi uliopita lilitoka tangazo jipya, la wakfu mwingine. Nilimpelekea habari yule bwana nikidhani atakataa. Alikubali, kwa sharti kwamba safari hii yeye aseme na mimi niandike alichosema bila kukitengeneza. Tulikaa chini ya mwembe wake siku mbili. Kwenye swali la taaluma tuliandika "adeudeu". Kwenye swali la nchi tuliandika mbili. Maelezo yote tuliyaandika kwa Kiswahili, na nyimbo tukaziacha katika Kiteso chake. Mashine iliikataa fomu mara ya kwanza kwa sababu ya nchi mbili, kwa hiyo tuliichapa kwenye karatasi, tukaipeleka posta ya Tororo, tukalipia stempu. Risiti ninayo.